Lori la mitumba na dakika nne zangu za Kiboriloni

Lori lilikuwa limejaa marobota ya mitumba hadi kamba zinalia, na dereva alikuwa anajaribu kuliingiza kinyumenyume kwenye kichochoro ambacho hata guta lingepita kwa kuomba. Likakwama. Kichwa upande huu wa barabara, mkia upande ule. Bodaboda zikajipenyeza, daladala ya Himo ikapiga honi, na trafiki, kijana mpole tu, akanyoosha mkono kutuelekea sisi wakimbiaji: simameni hapo hapo.

Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, Kiboriloni, kilomita ya 14 ya nusu marathoni, mbio za kilomita 21 na kidogo. Si zile mbio kubwa za Moshi zinazojaza nyumba za wageni zote mjini. Hizi zilikuwa mbio ndogo, tisheti na medali na ndizi moja mwishoni, lakini mimi nilizifanyia mazoezi miezi mitano kwa ajili ya kitu kimoja: kumaliza chini ya saa mbili. Hadi pale nilikuwa nakwenda kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 35, mwendo ambao ungenifikisha kwa 1:57:48. Mbele yangu kama mita 60 alikuwa mama mmoja wa kundi letu la mazoezi ya asubuhi. Yeye alipita kabla lori halijaziba. Mimi nilisimama dakika 4 na sekunde 10.

Watu wanaojiandaa kwa mbio zao za kwanza huniuliza: ikitokea hivyo, waandaaji wanakurudishia muda? Hawarudishi. Na baada ya hasira yangu kupoa, ambayo ilichukua wiki mbili hivi, nilielewa kwa nini.

Nilipomaliza nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya muda, medali mkononi kama kielelezo cha mahakamani. Kaka aliyekaa nyuma ya kompyuta alikuwa amezungukwa tayari. Mmoja anasema alisimama dakika nne, mwingine sita, mzee mmoja anasema robo saa kamili na anaapa kwa jina la marehemu mama yake.

"Dada yangu," kaka akaniambia, "mimi nasoma kilichoandikwa na mkeka. Mkeka haukuona lori." Alimaanisha mkeka wa mtambo unaoandika muda wetu tunapoukanyaga.

Nikamwambia basi atupunguzie dakika nne sote tuliosimamishwa, yaishe. Hakubisha. Aliniuliza tu: wa mwisho kufika pale alisubiri muda gani? Nikakumbuka. Kulikuwa na kijana mwenye soksi nyekundu aliyefika wakati lori ndiyo linasogea. Hakusimama hata, alipunguza mwendo tu, tukaondoka naye bega kwa bega. "Na yeye nimpe nne?" akauliza kaka.

Hapo ndipo pagumu, na ndipo watu wengi hawaoni. Kizuizi hakiwachukulii wakimbiaji wote muda sawa. Kinamchukulia zaidi aliyefika kwanza, na kadiri unavyochelewa kufika ndivyo unavyopoteza kidogo. Yule wa soksi nyekundu alikuwa nyuma yangu kwa zaidi ya dakika nne tangu mwanzo, pengo nililolijenga kwa kilomita 14 za jasho, na lori likamfutia deni lote. Ukipunguza dakika nne kwa kila mtu unampa zawadi. Usipopunguza, mimi ndiye niliyeibiwa. Ukitaka kumpa kila mtu haki yake kamili unatakiwa ujue nani alifika sekunde ipi na akaondoka sekunde ipi. Kuuliza saa za watu mkononi si suluhisho, maana wenye saa watajieleza na bibi aliyekimbia na raba za shule za mjukuu wake atabaki na muda alioandikiwa.

Nirudi nyuma kidogo kwa wasiojua mitambo. Nyuma ya namba ya kifuani kunabandikwa chipu, utepe mwembamba usio na betri. Ukipita kwenye mkeka, antena zilizomo zinauamsha, chipu inataja namba yake, kompyuta inaandika saa. Ndiyo maana usiikunje namba, usiifunike kwa simu au mkoba wa kiunoni: mwili na chuma huyazuia mawimbi yale. Mbio kubwa huweka mikeka njiani pia, mara nyingi kila kilomita 5. Zetu zilikuwa na miwili tu, wa kuanzia na wa kumalizia. Kati ya hapo, kwa macho ya kompyuta, ungeweza kuwa umelala Kiboriloni unakula nyama choma.

Hata mikeka ya kila kilomita 5 isingetosha, kwa sababu ingeonyesha tu kwamba kipande kile kilinichukua muda mrefu. Haisemi kama nilisimama au nilichoka. Kinachoweza kusema ni mikeka miwili pembeni mwa kizuizi chenyewe, mmoja kila upande, na hilo linawezekana pale tu mwandaaji anapojua mapema kwamba sehemu fulani ina hatari, kwa mfano inapokatiza reli. Lori la mitumba halitoi taarifa.

Jambo jingine la kuuliza kabla hujalipia: matokeo yenu ni kwa bastola au kwa chipu? Muda wa bastola unaanza kwa wote pale bastola ya kuanzisha mbio inapolia. Muda wa chipu unaanza wewe unapokanyaga mkeka. Kwa kanuni za Shirikisho la Riadha la Dunia, muda rasmi ni wa bastola. Ule wa chipu unaweza kutajiwa kwa taarifa yako. Lakini marathoni ya Boston, Marekani, kwa mfano, inapopima nani amefikia kiwango cha kuingia, inatazama wa chipu. Kwa hiyo kama mwandaaji anatoa zawadi za rika kwa bastola na wewe umejipanga nyuma kabisa ukipiga picha na shemeji, dakika mbili za mwanzo ni zako, usimtafute mchawi.

Sasa nikiri. Nilipofika nyumbani nilifungua saa yangu na kufanya hesabu niliyoogopa kuifanya pale mezani. Baada ya kuachiwa pale Kiboriloni nilikimbia kama nimeiba kuku. Kilomita mbili kwa dakika 5 kila moja, jua limeshaanza kuchoma, nikiwapita watu na kujiona shujaa. Kilomita ya 17 miguu ikakataa. Zilizobaki nilizivuta kwa zaidi ya dakika 6 kila moja, na kile kilima kidogo cha kurudi mjini nilikipanda kwa kutembea. Nilimaliza kwa 2:04:38. Toa zile dakika 4 na sekunde 10 zote, bila kubakiza hata moja: 2:00:28. Yaani hata kama kaka wa kompyuta angenipa kila nilichodai, saa mbili nisingezivunja. Kama ningeendelea na mwendo wangu baada ya lori ningemaliza kwa 2:01:58, na hapo madai yangu yangekuwa na maana. Dakika 2 na sekunde 40 nilizitupa mwenyewe, halafu nikaenda kumgombeza mtu mwingine.

Kwa hiyo ukisimamishwa, usisimamishe saa. Bonyeza kile kitufe cha kugawa muda (lap) unaposimama, kibonyeze tena unapoachiwa, na nyumbani uzime kabisa ule mpangilio wa saa kujisimamisha yenyewe, kwa sababu unakuonyesha muda wa kupendeza ambao hakuna mwamuzi anayeutambua. Tembeatembea papo hapo, usikae chini, kunywa maji kama yapo. Angalia namba za watu wawili watatu walio karibu nawe. Hao ndio mashahidi. Usipite mtaroni wala kwenye baraza la duka kukata kona, kwani aliyefupisha njia anaweza kuondolewa hata kama wote tuliona lori. Ukiachiwa, rudi kwenye mwendo wako ule ule, hata kama moyo unakataa.

Kama una dai, lipeleke mapema. Kanuni za kimataifa zinatoa dakika 30 tangu matokeo yatangazwe, na unaanza kwa mdomo tu, kwa mwamuzi. Mbio zetu nyingine zina masharti yao, yasome. Na uwe unajua unachotaka. Mimi nilitaka namba ibadilike, jambo ambalo haliwezekani. Ningeomba iandikwe kwenye matokeo kwamba njia ilifungwa kwa muda fulani, au nafasi ya bure mwaka unaofuata, nadhani ningepata kimoja.

Haya yote ni ya sisi wa medali na ndizi. Kwa wanaokimbilia pesa ni habari nyingine, na hapa sina upole. Vijana wanaoshuka kutoka Mbulu na Karatu, wanaolala watano chumba kimoja Arusha ili wafanye mazoezi, kwao nafasi ya tatu na ya nne ni tofauti ya ada ya mdogo wao. Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni mbele ya Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03, wote wakiandikiwa 2:09:48. Baada ya kilomita 42.195! Weka bodaboda moja mbovu mahali popote kwenye njia ile uone.

Na dunia haina dawa ya hilo. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Athens 2004, Mbrazili Vanderlei de Lima alikuwa anaongoza, zimebaki kilomita chache, mtu akatoka pembeni akamsukumia kwenye watazamaji. Akanyanyuka, akaendelea, akamaliza wa tatu. Brazili walikata rufaa wapewe dhahabu ya pili, ikakataliwa. Alipewa medali ya heshima ya Pierre de Coubertin, na matokeo yakabaki vile vile. Waendesha baiskeli wamejitahidi kutuzidi: wana kanuni ya geti la reli, kwamba walioongoza kwa pengo la kutosha wakikwama pale, wanaofuata nao husimamishwa, kisha wote wanaachiwa kwa pengo lile lile. Waandaaji wetu wangeweza kuiga hilo kwa kundi la mbele, watu kumi tu. Pikipiki ya mbele na saa moja vinatosha.

Halafu kuna balaa la koni, zile za barabarani za kuonyesha njia. Brighton, Uingereza, mwaka 2021, koni moja iliwekwa mahali pasipo pake na marathoni ikawa ndefu kwa mita 568. Njia iliyopimwa vizuri hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu na huongezewa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikapungua, na kazi hiyo yote inaharibiwa na mtu mmoja anayesogeza koni apishe mkokoteni. Ukiona koni barabarani siku ya mbio, iache ilipo hata kama inakukera.

Mwaka uliofuata sikukimbia, goti lilikuwa linanisumbua, nikajitolea kusimama njiani. Wakanipa bendera na fulana ya kung'aa, wakanipanga kwenye makutano ya barabara ya kwenda hospitali ya KCMC. Nikajiapiza kwamba kwangu hasimami mtu. Saa moja na nusu likaja gari la wagonjwa, taa zinawaka. Sikuwaza hata mara moja. Nilinyoosha mikono yote miwili, nikawazuia wakimbiaji watatu. Mmoja wao akanitukana tusi ambalo shangazi yangu asingependa niliandike hapa. Gari likapita, nikawaachia, kisha nikachomoa kalamu ya wino na kuandika kiganjani, maana karatasi sikuwa nayo: 212, 305, 418, na sekunde 41.

Mchana, wakati tunakusanya koni, yule wa 418 akaja akichechemea. Akasema shikamoo dada, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na mkewe, ingawa tunalingana umri. Aliuliza kama ninakumbuka alisimama muda gani. Nikafungua kiganja. Jasho lilikuwa limeifuta 305 karibu yote, lakini yake ilisomeka. Akakipiga picha kiganja changu kwa simu, mara mbili, ya kwanza ilitetemeka, akaenda nayo kwa mwamuzi.