Dainamo hufunguliwa, hufumuliwa au hubomolewa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Kibaigwa. Nilipata habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, yenye dainamo ndani, nikaitoa vipande vyote na vijana ninaowafundisha kazi ili tuone umeme unatokea wapi. Kwenye daftari niliandika "tulibomoa dainamo". Kijana mmoja anasema iwe "tulifungua". Mafundi wenzangu wanasema "tulifumua". Tushike lipi?

Jibu: Marahaba, fundi. Kijana yuko sahihi kukataa "tulibomoa". Kubomoa ni kuharibu kilichojengwa. Atakayesoma daftari lenu atadhani mlitumia nyundo. "Tulifungua" ni sawa kabisa. "Tulifumua" nalo halina kosa: limetoka kwenye nywele na vitambaa, mafundi wakalipeleka kwenye injini, na gereji za hapa Dodoma mjini nalisikia kila mara. Hubeba maana ya kufungua mpaka kipande cha mwisho, kwa hiyo kwa kazi yenu mimi ningelichagua hilo.

Ila kwenye hatua moja moja, kitenzi kimoja hakitoshi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, yaani ya kugeuza tendo kinyume, nayo hufuata jinsi kitu kilivyoshikanishwa: kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichopachikwa hupachuliwa, waya uliozongwa huzongolewa. Angalieni irabu pia. Mzizi wenye o huleta o: choma, chomoa, zonga, zongoa. Wenye e haufanyi hivyo: tega, tegua.

Basi andikeni hivi: "Tulifungua nati na koni, tukatoa gololi, tukachomoa ekseli pamoja na koili yake. Sumaku zilizogandishwa ndani ya habu hatukuzibandua." Msije mkaandika kwamba koili, yaani ule waya uliozongwa, inazunguka. Katika habu, koili imetulia kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati. Sumaku ndizo zinazozunguka na gurudumu, na kupishana kwa ncha zake mbele ya koili ndiko kunakozalisha umeme. Kanuni hiyo mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831.

Kama yenu ni ile ya zamani ya kampuni ya Sturmey-Archer, iitwayo Dynohub, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1936, "tulichomoa koili" peke yake ni maelekezo ya hatari. Sumaku yake ikiachwa wazi hupungua nguvu, kwa hiyo pete ya chuma husukumwa iingie huku koili ikitoka. Hapo andikeni "tulichomoa koili huku tukisukuma pete mahali pake", na hiyo "huku" msiiache, kwa sababu kijana akisoma "kisha" atachomoa kwanza.

Mkishairudisha, msiandike "tuliifuma". Fumua limeingia gereji, lakini fuma limebaki kwenye masweta na vitambaa. Andikeni "tuliifunga" au "tuliiunganisha upya".