Chai ya maua kwa mafua, inasaidia kweli?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mafua yamenibana, pua imeziba, koo linawasha, usiku nakohoa mpaka mbavu zinauma. Jirani kanambia niachane na vidonge nichemshe maua, mara kamomili mara rozela mara karafuu, na mwanangu wa miezi 8 naye kapata, eti nimpe kidogo na asali. Nimpe?
Mama Kamasi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Mtoto kwanza: asali usimpe kabisa mpaka afikishe mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli) na tumbo lake bado changa. Chai za maua nazo muache, mnyonyeshe tu mara kwa mara, pua mtilie matone ya maji chumvi, ila ukiona anapumua kwa shida au anakataa ziwa usisubiri kesho, mpeleke hospitali.

Haya, wewe sasa. Mafua ni virusi na hamna ua linaloviua, yanaisha yenyewe siku 7 mpaka 10 hivi japo kikohozi huwa king'ang'anizi, na antibayotiki hazisaidii kitu hapo. Maua yanatuliza tu, tena mi naona kazi kubwa inafanywa na yale maji ya moto.

Ningekuwa wewe ningeanza na karafuu, maana ile nayo ni ua bwana, ni tumba lililochumwa kabla halijachanua likakaushwa, na mafuta yake yanatia ganzi kidogo ndo maana watu huweka kwenye jino linalouma. Tia punje 3 au 4 kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, FUNIKA, ngoja dakika 10, weka asali (wewe ruksa), kunywa taratibu yakishakuwa vuguvugu ukiyaacha yapite kooni. Ile chupa ya mafuta ya karafuu usinywe, na mtoto asiifikie, ni sumu kwake.

Kamomili ni nzuri usiku ila kama chavua za maua huwa zinakupiga chafya na macho kuwasha iache, na ukiwa unatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) pia. Rozela ni tamu kwa uchachu wake, basi, ila inashusha presha kidogo so kama unameza dawa za presha muulize daktari kwanza.

Halafu usije ukachemsha maua ya mapambo yale ya kununua, yanapigwa dawa za wadudu. Homa ikipita siku 3 au kifua kikibana, nenda ukapimwe.