Kabla hujaiamini halijoto, uliza mwanga umetoka wapi

Wewe uliyejiunga juzi na majaribio ya leza ya kukandamiza fueli hadi viini vyake viungane, jambo la kwanza ni hili: hakuna kipimajoto kinachoingia kwenye plazma yetu, yaani gesi ya moto sana ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni. Kitovu cha fueli kikishakandamizwa huwa na upana wa unywele hivi, huwaka kwa muda usiofika nanosekunde moja, kisha hakipo tena. Kinachobaki mkononi ni eksirei zilizotoka.

Ndiyo maana tunachanganya gesi ya arigoni kidogo kwenye fueli. Joto likifika kiloelektronivolti moja, yaani kelvini milioni 11.6 hivi, atomu nyingi za arigoni zimebaki na elektroni mbili. Joto likizidi kupanda, zenye elektroni moja huongezeka. Kila kundi lina mistari yake ya mwanga. Fuwele huitenganisha, nasi tunalinganisha nguvu zake: uwiano wa mstari wa zenye elektroni moja kwa ule wa zenye mbili ndio unaotupa joto.

Hapo ndipo nilipoteleza. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kwa mistari ya alfa, ile ya kwanza katika kila kundi, kwa kuwa ndiyo inayong'aa kuliko yote. Nilipata joto kubwa, nikafurahi, nikaandika ripoti. Mwenzangu mkongwe aliitazama grafu akaniuliza swali moja: mwanga huu umemezwa kiasi gani kabla ya kutoka? Sikuwa nimelifikiria. Mstari wenye nguvu hunyonywa na arigoni yenyewe njiani, na ule wa zenye elektroni mbili ulikuwa umenyonywa zaidi, kwa hiyo uwiano ulipanda bila joto kupanda. Nilirudia hesabu yote kwa mistari ya beta, inayofuata ile ya alfa, ambayo nishati yake ni kiloelektronivolti 3.68 na 3.94. Hiyo haimezwi sana kama ile ya alfa. Tena upana wake hukupa msongamano wa elektroni, nao unauhitaji, kwa sababu uwiano wenyewe hubadilika msongamano ukibadilika. Tafuta joto na msongamano kwa pamoja.

Ukitumia sahani za picha, zinazotunza alama ya eksirei hadi zisomwe kwa mashine, andika dakika ya mlipuko na dakika ya kuisoma sahani. Alama hufifia kadiri muda unavyopita, na usipoiandika dakika hiyo huwezi kuirudisha.

Arigoni nayo ina kikomo. Kwenye NIF, kituo cha leza kule California chenye miale 192, kitovu kinaweza kuwa cha moto kiasi cha kuivua arigoni elektroni zote, ikabaki haina mistari. Hapo hutumika kriptoni, ambayo mistari yake iko karibu na kiloelektronivolti 13.

Halafu utakutana na wenzako wanaopima joto kwa nyutroni zinazotoka kwenye fueli. Tuseme wao wana kiloelektronivolti 4, wewe una 3. Usikimbilie kusahihisha namba yako ifanane na yao. Fueli inayokwenda huku na huku hupanua spektra ya nyutroni, ikaonekana ya moto kuliko ilivyo. Na eksirei zako zimetoka sehemu na wakati ambapo arigoni iling'aa zaidi, si lazima pawe pale fueli ilipoungua zaidi. Kaeni meza moja, kila mmoja aseme namba yake imetoka wapi na lini.