Ravello kwa siku moja: anza Villa Cimbrone

Ndugu, umeuliza iwapo siku moja inatosha kuyaona majumba ya kale ya Ravello, nchini Italia, na lipi litangulie. Inatosha, mradi upande basi la mapema kutoka mji wa pwani wa Amalfi, kwa kuwa barabara ni nyembamba yenye kona kali na mji wenyewe uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 300.

Ningekushauri uanze na Villa Cimbrone, ambayo Mwingereza Ernest Beckett aliinunua mwaka 1904 na kuijenga upya. Ni mwendo wa takriban dakika kumi kwa miguu kutoka uwanja wa kanisa kuu, kwa njia yenye ngazi, kwa hiyo viatu vya visigino uviache hotelini. Mwishoni mwa bustani kuna roshani iliyopangwa sanamu za marumaru za vichwa vya watu, nyuso zake zikiwa zimelika kwa mvua na upepo, na chini yake ni bahari tupu. Asubuhi utaifaidi kabla makundi ya watalii hayajafika.

Villa Rufolo, ya karne ya 13, iko papo hapo uwanjani. Bustani yake ndiyo iliyomvutia Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani, mwaka 1880 alipokuwa akitunga opera ya Parsifal. Wakati wa tamasha la muziki la kiangazi hujengwa humo jukwaa linaloning'inia juu ya genge; mandhari hupungua kidogo, lakini ukipata tiketi ya jioni hutajutia.