Kwa wanaoanza kazi kwenye chumba cha katalogi

Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa field hapa Dodoma. Wengine wanatoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, wengine vyuo vikuu vya hapa hapa mjini. Wanakuja na madaftari yamejaa namba za MARC, mfumo ambao kompyuta za maktaba husomea rekodi, yaani maelezo ya kila kitabu: 100 mwandishi, 245 kichwa cha kitabu, 264 mchapishaji, 300 kurasa. Wamekariri vizuri. Halafu namkabidhi mmoja kitabu, namwambia hebu kikatalogie hiki, na jicho lake linatua kwenye jalada.

Hapo ndipo mimi nilipoumbuka, kwa hiyo niwape la kwangu kwanza. Miaka ya mwanzo, kwenye maktaba ya chuo kimoja, nililetewa kitabu cha Kiswahili kuhusu zabibu. Jalada lilikuwa na chupa ya mvinyo na glasi mbili. Mezani kuna rundo, saa kumi inakaribia. Nikakipa 663.2, ambayo kwenye Dewey, mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ni utengenezaji wa mvinyo, nikabandika lebo, kikaenda shelfuni. Kumbe kurasa karibu zote zilikuwa za mkulima: kuchagua miche, kupogoa, kufunga waya, kupambana na ukungu wa majani. Mahali pake ni 634.8, kilimo cha zabibu. Miezi ikapita. Siku moja akaja kijana wa kilimo, anaandika utafiti wake juu ya wakulima wa Hombolo. Amepekua 634 yote, akaja mezani: “Dada, humu hamna kitabu cha zabibu?” Nikamjibu hamna. Dodoma hii, maktaba haina kitabu cha zabibu, na mimi nasema hivyo bila hata kunyanyuka! Kilikuwa hatua ishirini kutoka pale aliposimama, katikati ya vitabu vya viwandani.

Kwa hiyo fungueni kitabu. Ukurasa wa kichwa, mgongo wake (upande wa nyuma wa ukurasa huo), yaliyomo, dibaji. Dakika kumi tu. Jalada limetengenezwa kuuza.

Ule mgongo wa ukurasa wa kichwa usomeni kama hati ya kiwanja. “Kimechapishwa na” ni mchapishaji, huyo anaingia kwenye 264. “Kimepigwa chapa na” ni mwenye mashine, na mara nyingi yuko mji mwingine kabisa. Nimeona rekodi nyingi ambamo mpiga chapa kapewa kitabu kisicho chake. Vilevile toleo na chapa. Ukiona “Toleo la Kwanza 1988, Chapa ya Pili 1991, Chapa ya Tatu 1994”, hicho bado ni toleo la kwanza, kimerudiwa mashineni tu. Huna sababu ya kufungua rekodi mpya. “Toleo la Pili, limerekebishwa” ndilo lenye haki ya rekodi yake. Shida ni kwamba wachapishaji wetu wengine huandika toleo wakimaanisha chapa. Linganisheni kurasa na yaliyomo kabla ya kuamini.

Na kabla hamjafungua rekodi yoyote, tafuteni. Tafuteni kwa ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, kisha kwa kichwa, kisha kwa mwandishi. Vitabu vya Tanzania mtavijua kwa ISBN inayoanza na 9976 au 9987, na tangu 2007 namba hizo zinatanguliwa na 978, kwa hiyo kitabu kile kile kinaweza kuwa na ISBN ya tarakimu 10 kwenye nakala ya zamani na 13 kwenye mpya. Cha zamani zaidi huenda hakina kabisa. Kwenye Koha, programu ya maktaba tunayotumia, rekodi ni moja, nakala ni nyingi. Kikija kitabu mnacho tayari, mnaongeza nakala chini ya rekodi iliyopo. Anayeanza akiwa na haraka anafungua rekodi mpya, na anayemfuata naye hivyo hivyo. Kuna kitabu kimoja cha sarufi nilikikuta na rekodi saba, kila moja na tahajia yake ya jina la mwandishi. Kuziunganisha kulinila alasiri nzima.

Rekodi nyingi za vitabu vya Kiingereza tunazivuta tayari kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako ndiko MARC ilikozaliwa miaka ya 1960. Kijana mmoja wa field aliposikia tunavuta rekodi “kutoka Maktaba ya Bunge” aliniuliza kama itabidi aandikiwe barua ya kupita getini. Nilicheka, lakini kwa mtu aliyelala Area C, mtaa wa hapa Dodoma lilipo Bunge letu, kosa hilo linaeleweka.

Ukivuta, usimeze. Kwenye 082, ambako namba ya Dewey inakaa, mtakutana na kitu kama 967.8/04. Hicho kimstari cha mshazari si sehemu ya namba. Kinakuonyesha mahali unapoweza kukata kama maktaba yako ni ndogo: bakia na 967.8, Tanzania, au chukua yote, 967.804. Nimeng'oa lebo nyingi zilizoandikwa kimstari kile. Na kama maktaba yenu inatumia Dewey, ile namba ya 050 yenye herufi mwanzoni, kama DT, iacheni ilipo. Ni ya mpango mwingine. Rekodi za zamani nazo zimejaa vifupisho vya AACR2, kanuni za zamani za kukatalogi. Ukiona S.l. usidhani ni mji, maana yake mahali hapajulikani. RDA, kanuni mpya zilizotoka 2010, inataka maneno yaandikwe kamili.

Fasihi ya Kiswahili nitaisema kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo inayosomwa. Dewey alitoa mpango wake 1876, na ramani ya dunia iliyokuwa kichwani mwake inaonekana: fasihi za Ulaya zimejimwaga kuanzia 820 hadi 889, sisi na wengine wengi tumebanana kwenye 890. Kiswahili ni 896.392. Ongeza 1 ni ushairi, 2 tamthilia, 3 riwaya na hadithi. Matokeo yake shelfu nzima ya riwaya ina namba moja, 896.3923, na kinachotofautisha kitabu na kitabu ni zile herufi tatu za jina la mwandishi kwenye lebo. Mkikosea herufi, namba sahihi haisaidii kitu.

Ndiyo maana majina yanataka utulivu. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma hii hii, nimemkuta kama Mnyampala M.E., Mnyampala Mathias, na mahali fulani Mathias peke yake, kana kwamba ni waandishi watatu. Chagueni umbo moja, mengine yaelekeze huko. Wa sasa tunawaingiza kwa jina la mwisho. Lakini mshairi wa kale kama Muyaka bin Haji anaingia kwa Muyaka. Ukimweka kwa Haji umemwandika baba yake.

Kuna na kile kiashiria cha pili cha 245, tarakimu inayoiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga. Kichwa cha Kiingereza kikianza na The unaandika 4, herufi tatu na nafasi inayofuata. Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, ni 0 daima. Kichwa kikianza na “La kuvunda”, hiyo La ni yetu, si ya Kifaransa. Msiiruke.

Vichwa vya mada tunavitoa kwenye orodha ya Kiingereza, na hatuna ujanja, rekodi zetu zinatakiwa zielewane na za wengine. Ila mwanafunzi anaandika “ufugaji wa kuku”, na 650 yenu inasema Poultry. Wekeni neno la Kiswahili kwenye 653, nafasi ya maneno yasiyotoka kwenye orodha. Wengine watawaambia mnachafua rekodi. Mimi nawaambia andikeni.

Lebo: kiangazi cha hapa kinakausha selotepu mpaka inadondoka yenyewe, na vumbi linamalizia. Futeni mgongo wa kitabu kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandika.

Kile cha zabibu nilikirudisha 634.8 siku ile ile, baada ya yule kijana kuondoka. Nilimtafuta kwa simu aliyoiandika kwenye daftari la wageni, akaja kukiazima kesho yake. Lebo ya kwanza ilikataa kubanduka vizuri, nikabandika ya pili juu yake. Ukikishika kuelekea dirishani utaona 663.2 imejificha chini.