Mnaopiga fidla na akodiani wawili wawili, wasikilizeni Aly Bain na Phil Cunningham

Wadau wa muziki, hasa nyie mnaopiga wawili tu, mmoja fidla mwingine akodiani, kwenye harusi na vikundi vidogo vya taarabu, leo nina neno na nyie. Mie napiga akodiani, naishi Edinburgh, mwenzangu wa fidla ni mtu wa hukuhuku Uskoti. Wenzangu wa nyumbani wananiuliza swali lilelile kila siku, mbona tukibaki wawili sauti zinagombana, fidla inalia akodiani inaimeza, muda si muda watu wameachana kila mtu na njia yake? Jibu langu ni kwamba kabla hujamlaumu mwenzio tafuta rekodi za Aly Bain wa fidla na Phil Cunningham wa akodiani, Waskoti wawili, kaa nazo wiki nzima, halafu ndo tuongee.

Aly kazaliwa 1946 Lerwick, visiwa vya Shetland, kule juu kabisa kaskazini mwa Uskoti. Visiwa vile vilikuwa chini ya Norwei mpaka 1469 na fidla ya kule bado ina ladha ya Kinorwei, ule mtindo wa kupitisha upinde kwenye nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja unaimba na wa pembeni yake uko wazi unaitikia. Mwalimu wake alikuwa Tom Anderson, mzee aliyezunguka kukusanya nyimbo za visiwani zisipotee. Phil yeye ni wa Edinburgh, kazaliwa 1960, akaingia Silly Wizard, kundi la muziki wa asili wa Kiskoti, akiwa na miaka 16 tu, na mpiga fidla wa kundi hilo alikuwa kaka yake wa damu, Johnny, aliyefariki 2003. Hilo la kaka lishikeni vizuri, maana huyu bwana kakua akodiani yake iko ubavuni mwa fidla, sikio lake lilishazoea kumpisha mtu. Mwaka 1986 wakakutanishwa kwenye kazi ya televisheni, na toka hapo wakaendelea na albamu zao, The Pearl 1994, The Ruby 1997, wakaja mpaka No Rush ya 2020. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi ya watu wawili na ala mbili.

Sasa tuje kwenye akodiani maana hapo ndo penye tatizo. Uskoti akodiani ilijulikana zaidi kwa kuchezesha watu dansi, marehemu Jimmy Shand, mpiga akodiani, ndo jina kubwa hapo, mapigo yamenyooka, besi inapiga kama saa, mchezaji hapotei hata akiwa mgeni. Ule upigaji naupenda sana na una kazi yake, ila ukiwa na fidla moja tu pembeni ukapiga vile mwanzo mwisho umemfunika mwenzio. Msikilize Phil kwenye nyimbo za taratibu, zile za kukaa na kusikiliza tu. Mkono wa kushoto mara nyingi haupigi mapigo kabisa, unashika sauti moja ndefu chini inakaa pale kama sakafu, fidla inatembea juu yake kwa raha zake. Kuna sehemu anatoa mkono kabisa, Aly anabaki peke yake, halafu akodiani inarudi polepole huwezi hata kusema imeingia saa ngapi.

Kwa hiyo wewe wa akodiani, kitu cha kwanza ni zile swichi za sauti. Watu wengi tunapenda ile swichi inayofungua ndimi zote, vile vyuma vyembamba vya ndani vinavyotoa sauti, kwa pamoja kwa sababu inajaza ukumbi, na kwenye kundi kubwa ni sawa, ila ukiwa wawili ifunge, tumia inayotoa ulimi mmoja, utashangaa fidla ya mwenzio ilikuwa na sauti nzuri muda wote huo. Kitu kingine ni mvukuto, ule mfuko wa hewa unaouvuta na kuubana. Mvukuto ukigeuka unasikika, hata uwe fundi vipi, sasa ukiugeuza katikati ya sentensi ya fidla unaikata ile sentensi. Mie na mwenzangu tulikaa jikoni kwake tukapiga wimbo mmoja tu, mie macho kwenye upinde wake, anapomaliza sentensi na kugeuza upinde na mie ndo nageuza mvukuto. Hatukufanya kitu kingine jioni nzima. Wimbo uleule tuliokuwa tunaupiga siku zote ukawa unapumua, na mke wake aliyekuwa chumba cha pili akaja kuuliza ni wimbo gani huo mpya.

Wa fidla na wewe una kazi yako. Akodiani haituniwi, yaani hairekebishwi sauti, pale kwenye kiti, ndimi zake ni chuma, mpaka fundi aifungue azikwangue kwa tupa, kwa hiyo wewe ndo unayemfuata. Mwambie akupe notisi ya LA kwa mvukuto laini, laini kabisa, kwa sababu akibana kwa nguvu sauti inashuka kidogo, ukituni kwenye ile iliyoshuka mtakuwa mbalimbali usiku mzima na hamtajua kwa nini.

Halafu msipige wimbo wote kwa sauti moja. Nyimbo za dansi za huku, zinazoitwa rili na jigi, nyingi zina vipande viwili, kila kimoja kinarudiwa, halafu wimbo mzima unarudiwa tena kabla ya kurukia mwingine, sasa kama wote wawili mnapiga notisi zilezile kila mzunguko msikilizaji atachoka. Mzunguko wa kwanza pigeni pamoja watu waujue wimbo, wa pili mmoja ashuke chini aweke sauti ya pili, wa tatu akodiani iache wimbo kabisa ishike besi. Kina Aly wanafanya hivi bila hata kutazamana, ila nyie mnaoanza semezaneni kabla, nani anafanya nini mzunguko upi, msitegemee bahati.

Kwa wa taarabu hapa ndo pananigusa zaidi. Kwenye rast na bayati, zile maqamu yaani ngazi za sauti za taarabu, kuna sauti za robo, zinazokaa katikati ya notisi mbili za kawaida, ambazo akodiani ya kawaida haina, na nimesikia wapigaji wengi wanaweka ile ya karibu, fidla inasema hivi akodiani inasema vile, sikio linauma. Phil kanifundisha dawa bila yeye kujua, na dawa yenyewe ni kuacha. Ikifika ile sauti toa kidole, shika msingi tu chini, fidla iseme peke yake, halafu rudi. Hakuna msikilizaji atakayesema akodiani imekosekana, watasikia maqamu imetulia.

Na kuhusu kudumu. Jamani waacheni wenzenu wapige na watu wengine! Aly kwa miaka mingi alikuwa pia na kundi la Boys of the Lough, toka 1995 akawa kwenye Transatlantic Sessions, kipindi cha televisheni kinachokutanisha wanamuziki wa pande mbili za Atlantiki, baadaye akikiongoza na Jerry Douglas wa Marekani, na Phil naye ana kazi zake za kutunga na kuprodyusi albamu za wengine. Kila mmoja anatoka, anakusanya vitu huko nje, anarudi navyo. Nawajua wawili wazuri sana walioachana kwa sababu mmoja alinuna kila mwenzie akialikwa kwingine, na mpaka leo roho inaniuma nikikumbuka walivyokuwa wanapiga. Hela nazo gaweni usiku uleule, kabla ya kupanda gari.

Anzeni na wimbo mmoja wa taratibu ambao wote mnaujua toka utotoni, msianze na wa mbio. Simu ya kurekodi msiiweke mezani karibu na akodiani, iwekeni mbali, pale atakapokaa msikilizaji, na mkishamaliza wa akodiani ndo asikilize kwanza, peke yake, akiitafuta fidla. Asipoisikia kila neno, mnarudia, swichi ndogo zaidi na mkono wa kushoto mwepesi zaidi.