Uduvi wa kwenye dagaa siyo Eurythenes

Wapo wanaouliza kama uduvi wa kwenye dagaa ni sawa na Eurythenes, mla mizoga wa bahari kuu. Hapana, siyo spishi moja, wala si oda (kundi kubwa la uainishaji wa viumbe) moja. Yule mla mizoga ni Eurythenes gryllus, wa oda ya Amfipoda (wanyama wake huitwa amfipodi). Uduvi mnaowachambua kwenye dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ni Caridina nilotica, wa oda ya Dekapoda, ndugu wa kamba. Eurythenes hawezi kuwa Ziwa Victoria: ni wa baharini, na ziwa letu halina chumvi, kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80.

Kuhakikisha, loweka uduvi mkavu kwenye maji dakika chache kwanza (akikauka miguu hujikunja, hapo ndipo watu hukosea), kisha tumia lenzi. Tazama jicho: la uduvi limesimama juu ya kikonyo, la amfipodi limelala bapa kichwani. Uduvi ana gamba moja linalofunika kichwa na kifua. Amfipodi hana, pingili zake za kifua zinaonekana mojamoja. Jike mwenye mayai ndiyo rahisi zaidi: uduvi huyabeba chini ya tumbo, amfipodi kwenye mfuko chini ya kifua.

Ila jina gryllus kwenye orodha za zamani msiliamini moja kwa moja. Vipimo vya DNA vilivyotolewa 2013 vilionyesha limeficha spishi kadhaa, na mwaka 2015 baadhi zikapewa majina yao, mfano E. maldoror (E. ni kifupi cha Eurythenes). E. plasticus wa Mfereji wa Mariana, bonde lenye kina kikubwa katika Bahari ya Pasifiki, alifuata 2020, akaitwa hivyo kwa sababu ya plastiki iliyokutwa tumboni.